Naomba ushauri: kupandisha plafo (dari) ya garaji bila kusukuma kuta

Ndugu mafundi, salamu toka Bukavu, huku Nguba. Tunarekebisha nyumba ya mzee, na garaji ndiyo inanisumbua. Plafo iko mita 2.20. Gari ikiwa na mizigo juu, haiingii. Nataka kupandisha sentimita 50. (Mlango nao utapandishwa, hilo tumeshaelewana.)

Shida ni zile mbao za kulala, zinazotoka ukuta mpaka ukuta, upana mita 3.60. Zinabeba triplekisi (mbao bapa za dari), lakini pia ndizo zinashika miguu ya paa isifunguke. Fundi wa kwanza anasema tuzikate, tupigilie nyingine juu, siku moja kazi imekwisha. Wa pili alipanda ngazi, akagusa kichwa cha ukuta, akakuta matofali ya kuchoma matupu, hakuna shenaji ya beto (mkanda wa zege unaofunga kuta juu). Akasema tukizikata, uzito wa tole (mabati) na mvua ya huku vitasukuma kuta nje. Mimi naelekea kukubaliana naye, hasa nikikumbuka tetemeko la Februari 2008.

Anasema mbao ya kufunga isivuke theluthi ya chini ya paa. Toka kichwa cha ukuta kwenda juu mpaka mgongo wa paa ni mita 1.20, kwa hiyo nabaki na sentimita 40 tu.

Je, nikubali hizo 40? Au niweke boriti nzito chini ya mgongo, ibebwe na nguzo kila upande, ndipo nipate 50? Na mbao za mikaratusi, ambazo hazijakauka vizuri, zinafaa kweli kwa kazi hii? Aliyefanya anielekeze, tafadhali.