Hei (majani makavu ya mifugo) ya mwaka jana bado ina kitu?

Wakuu poleni na majukumu, naombeni ushauri. Nina marobota 140 ya hei ya nyasi za Rhodes nilinunua Juni mwaka jana, yapo stoo ya mabati huku Usa River. Ya juu yamepauka ila ukifungua katikati bado kijani kijani na yananukia, ya chini niliyapanga sakafuni bila mbao (kosa langu) yameota ukungu, ukilishika moja vumbi lake unapiga chafya tu. Ng'ombe wanakula ila maziwa yameshuka toka lita 12 mpaka 9, nimeongeza pumba na mashudu ya alizeti lakini wapi.

Hivi hei ikikaa mwaka inaisha protini au hii ilikatwa imeshakomaa sana? Na yenye ukungu nikiianika juani naweza kumpa ng'ombe mwenye mimba ya miezi 6 au nitupe?