Hedifoni za kufunika sikio au vipokea sauti vya kuingiza sikioni: kipi kinatuliza mngurumo wa ndege?

Mwana wa Ruvuma:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nitasafiri kwa ndege mwishoni mwa mwezi, na kila nikishuka hubaki na uvumi masikioni na kichwa kizito hadi usiku. Nimekusudia kununua kifaa chenye uwezo wa kuzima kelele, lakini sijaamua kama nichukue hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote au vile vidogo vya kuingiza sikioni. Naomba ushauri wa waliokwisha kuvitumia.

Fundi Mawimbi:
Ndugu, hujatueleza ni ndege ya aina gani, safari ni ya muda gani, umetenga fedha kiasi gani, wala kama unataka kulala au kusikiliza kitu. Mambo hayo ndiyo yanayoamua. Kwa ujumla, maikrofoni za kifaa hunasa kelele ya nje, kisha kifaa huzalisha wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafutane. Njia hii hufaulu sana kwa sauti nzito zisizobadilika, hasa zilizo chini ya hetsi 1,000 (mapigo 1,000 ya sauti kwa sekunde), na mngurumo wa injini umo humo. Kilio cha mtoto na mazungumzo ya jirani huzuiwa zaidi na sponji au mpira unaoziba sikio.

Mzee wa Safari:
Chukua kubwa, mwanangu. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, aliwaza jambo hili mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, na kampuni yake ikawatangulizia marubani hedifoni za kuzima kelele mwaka 1989 kabla ya kuwafikia abiria mwaka 2000. Mimi natumia hedifoni za Sony WH-1000XM4 kwa kuwa zinakunjika na chaji yake hufika saa 30 huku uzimaji kelele ukiwa umewashwa. Zina tundu la waya pia, kwa hiyo ukiwa na adapta unaweza kuziunganisha na skrini ya kiti.

Bint Kilindini:
Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, betri si lazima. Kampuni ya Etymotic ilitoa ER4 mwaka 1991, kipokea sauti cha waya chenye mpira wa ngazi tatu unaoingia ndani kabisa ya sikio, nacho huzuia mngurumo na kilio cha mtoto kwa pamoja. Kinakaa mfukoni, na ukiegemea dirisha hakikusukumi kichwa.

Mchuuzi wa Kariakoo:
Mimi nitasema la uhalisi wa bidhaa, maana jambo hili liliniumiza. Duka moja liliniuzia hedifoni zenye boksi safi na jina kubwa, nami nikazivaa katika safari ya usiku kwenda Guangzhou. Kitufe cha kuzima kelele kiliongeza besi tu; mngurumo ulibaki palepale na juu yake ukaja mchirizo mwembamba usiokoma. Nikalazimika kupandisha muziki ili niufunike, na chaji ikakata kabla hatujavuka Bahari ya Hindi. Niliporudi, muuzaji alinijibu kwamba ndege niliyopanda ndiyo yenye kelele nyingi, na akakataa kurudisha hata shilingi. Tangu hapo namshauri kila mtu avae kifaa bila muziki karibu na jenereta inayonguruma, kisha awashe na kuzima uwezo huo. Mngurumo usiposhuka papo hapo, arudishe boksi mezani kabla hajalipa.

Mwana wa Ruvuma:
Nawashukuru. Ni Dar es Salaam hadi Songea, ndege ya pangaboi, Dash 8 Q400. Nataka kulala.

Fundi Mawimbi:
Hilo linabadilisha mambo. Pangaboi la Q400 lina mapanga sita na likiwa angani huzunguka mara 850 kwa dakika; ukihesabu kila panga linapopita, ni mapigo 85 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito sana, ambayo mpira mtupu huizuia kwa shida kuliko kifaa cha kufuta mawimbi. Ndege yenyewe imefungwa maikrofoni na mfumo wa kutuliza mtetemo ndani ya chumba cha abiria. Usikae kwenye mstari wa mapanga, kaa nyuma.

Mzee wa Safari:
Nyuma si kanuni ya kila ndege. Zipo jeti zenye injini mkiani, na huko nyuma ndiko kwenye adha.

Fundi Mawimbi:
Ni kweli, mzee, ila anayeuliza anapanda Q400.

Bint Kilindini:
Bado nasema mpira uliokaa vizuri unatosha kwa safari fupi ya ndani ya nchi.

Muuguzi Tabora:
Dada, kizibo kinachoingia ndani sana kitolewe ndege inapoanza kushuka, kwa sababu hunasa hewa kwenye tundu la sikio na mabadiliko ya mgandamizo huweza kuleta maumivu makali. Hedifoni ya kufunika huinuliwa kidogo tu, kazi imekwisha.

Bint Kilindini:
Mimi humeza mate, na sijapata kuumia.

Mwana wa Ruvuma:
Jumamosi nitakwenda kujaribu zote mbili kando ya jenereta. Je, naweza kuvaa vizibo vya sponji na juu yake hedifoni kubwa?

Muuguzi Tabora:
Unaweza, na wengi hulala hivyo, lakini hakikisha unasikia tangazo la dharura.

Fundi Mawimbi:
Na bajeti bado hujaitaja, ndugu.