Saa 6 usiku imegeuka saa 3 asubuhi, wanachama wamekatwa mkopo mara mbili!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, tahajia mnisamehe.

Mimi ndiye mtu wa IT peke yangu kwenye saccos moja, jina naliacha. Kila mwezi mwajiri anatuma faili la makato, linaingia kwenye folda ya SFTP (njia salama ya kutumiana mafaili mtandaoni), mfumo wa kuunganisha unalichungulia, unalisoma na kupeleka makato kwenye mikopo. Basi. Kwa kazi hiyo tulimlipa mkandarasi.

Mahitaji tuliyoandika: mfumo uchungulie folda "saa 6 usiku, mara moja". Fundi akaweka hivi:

0 * 6 * * ?

Wanaoijua kroni ya Quartz, yaani maandishi ya kuipangia programu ratiba, najua mmeshashika kichwa. Hiyo 6 ni saa kumi na mbili asubuhi, jamani! Halafu seva inasoma saa za UTC, yaani za Greenwich, ongeza masaa matatu kupata saa za kwetu, tunafika saa tatu asubuhi, kaunta imejaa watu. Na ile nyota ya kwanza, nafasi ya dakika, maana yake unachungulia kila dakika, mara 60 mpaka saa iishe.

Miezi miwili ilipita salama kwa sababu faili lilikuwa linafika jioni ya jana yake. Hapo nakiri, logi (kumbukumbu za mfumo) sikuzifungua. Juzi mwajiri kachelewa, akatuma asubuhi, mtandao unajikokota. Mfumo ukalidaka faili likiwa nusu. Dakika moja baadaye limeongezeka ukubwa, na kwa kuwa jamaa wameuseti utambue faili kwa jina na ukubwa, ukaona ni faili jipya. Ukasoma tena tangu mstari wa kwanza.

Orodha imepangwa kwa alfabeti. Kina Abdallah mpaka kina Juma wamekatwa mara mbili, kina Kassim kushuka chini mara moja. Sasa nenda kamweleze Mzee Hamisi pale dirishani kwamba tatizo ni herufi ya jina lake.

Nimewapigia hao wakandarasi. Jibu: "Ni mtandao wenu, kaka." Mtandao upi? Mtandao wa polepole ndio sababu ya kusubiri ukubwa wa faili utulie kabla ya kuligusa! Au mtumaji aandike faili kwa jina la muda lenye .tmp, likikamilika ndipo alibadilishe jina. Likishasomwa, lihamishwe folda nyingine. Na msinambie ni programu mbovu. Hata Apache Camel, programu ya bure ya kuunganisha mifumo, ile readLock yake (sehemu ya kuiambia isubiri faili likamilike) usipoigusa iko none, haisubiri chochote. Lazima mtu aiambie. Huyo mtu ndiye tuliyemlipa.

Leo asubuhi wametuma ankara ya "marekebisho ya ratiba". Mkataba hauna neno hata moja kuhusu kasoro za usetiji. Aliyewahi kupambana na ankara ya namna hii aniambie alianzia wapi, maana bodi inakaa Ijumaa.