Mpunga wa Pemba mpaka lini utauzwa kwa polo la mchuuzi?

Jamani mie leo nimechoka, lazma niseme. Kila msimu sie wa mabondeni tunaitwa mikutanoni tunaambiwa limeni mpunga, Zanzibar inaagiza mchele mwingi mno kutoka nje. Haya tumelima, trekta la kuchimba na kuburuga tumelipia, mbolea tumelipia, mabonde kama Makwararani na Mlemele yakajengewa umwagiliaji kwa mkopo wa Korea ambao tutaulipa sote. Sasa kuuza?? Hapo humuoni mtu.

Anakuja mchuuzi na gari yake na mapolo yake mwenyewe, yaani magunia. Polo linajazwa, linashindiliwa kwa mguu, kisha linapandishwa kichwa mpaka mdomo haufungiki inabidi lishonwe kwa kamba, na hilo kwake ni polo moja! Ukimwambia tupime kwa mizani anakwambia basi kaa nao. Na anajua fika huwezi kukaa nao, ghala huna, mpunga uko juu ya turubali na wingu hilo linakuja, na aliekukopesha mbolea keshaanza kupiga simu.

Mbona karafuu bei inatangazwa, unakwenda kituo cha ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, unapimiwa kwa kilo, daraja lako unalijua? Miaka tumeuza daraja la kwanza 14,000 kwa kilo na hakuna alietuletea polo. Ila msinielewe vibaya, sitaki mpunga nao ufungiwe mnunuzi mmoja kama karafuu, wapemba tunajua karafuu zilivyokuwa zikivushwa usiku kwenda Mombasa bei ilipokuwa mbovu. Kila mtu amuuzie anaemtaka, lakini kwa kilo, na mizani iwe ya serikali si ya mchuuzi.

Bara sheria ya stakabadhi ghalani wanayo tangu 2005, unaweka mzigo ghalani unapewa karatasi yako unasubiri bei, na NFRA, wakala wa serikali wa akiba ya chakula, inanunua mahindi na mpunga. Najua wa korosho kule Mtwara wamelia sana na malipo kuchelewa, sijasema kule ni peponi. Lakini kilimo si jambo la Muungano, sasa nani katuzuia kujenga ghala letu hapa hapa?

Mwenye mpunga ndo anakwenda dukani kununua mapembe, mchele wa kutoka nje, wallahi inatia hasira.

Nyie wa Cheju na Kibokwa huko Unguja mnauzaje? Kama kuna anaenunua kwa kilo nambieni na bei, nikamuoneshe huyu bwana akija tena na mapolo yake.