Goti linauma upande wa ndani akichuchumaa: ostiopathia inafanya nini hasa?

Kitangari88
Habari za jioni wana jukwaa. Mama mkubwa yuko Newala, ana miaka 58 na uzito wa kilo 84. Goti la kulia linamuuma upande wa ndani, zaidi akiinuka kutoka kwenye mkeka, akitoka chooni (choo ni cha kuchuchumaa) na akishuka mteremko. Asubuhi linakaza kama dakika 15, akitembeatembea linalegea. Halina joto, ila jioni linajaa kidogo. Msimu wa korosho unakuja, na kazi ya kuokota ni kuinama na kuchuchumaa kutwa nzima. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema kule angepelekwa kwa mtaalamu wa ostiopathia, anayetibu kwa mikono. Naomba kueleweshwa: huyo mtaalamu anafanya nini kwenye goti, na huku Mtwara na Lindi tutampata wapi? Majirani wanasema ute umekauka, ale bamia.

Mnyoosha_Viungo
Mfikishie mama mkubwa shikamoo. Hizo dakika 15 ulizotaja ni taarifa kubwa. Goti linalosagika gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) hukaza asubuhi chini ya nusu saa. Likikaza saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, nayo inataka dawa zake hospitalini mapema, kabla mifupa haijaliwa. Lililolipuka usiku mmoja, jekundu, hata shuka haliwezi kuligusa, mtu afikirie gauti (ugonjwa wa chembe za asidi ya yuriki kwenye kiungo). La mama linaelekea kwenye kusagika, na upande wa ndani ndiko huanzia mara nyingi kwa sababu ndiko sehemu kubwa ya uzito inakopita mtu anapotembea.

Ostiopathia ilianzishwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still mwaka 1874, na shule yake ya kwanza ilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Marekani wenye shahada ya ostiopathia ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Uingereza wao hutibu kwa mikono na lazima wasajiliwe kisheria. Mtaalamu aliyeiva haanzi na goti. Anamtazama mgonjwa akiwa amesimama: magoti yamepinda kwenda nje? Unyayo umelala? Kisha anamlaza chali, anakunja nyonga mpaka nyuzi 90 na kuizungusha taratibu kwa ndani. Maumivu yakitokea kinenani, au yale ya goti yakiamka hapo, chanzo kinaweza kuwa nyonga, maana nyonga na goti vinashiriki mishipa ya fahamu. Watu wanakandwa goti miezi na miezi, kumbe nyonga ndiyo mbovu.

Halafu kifundo cha mguu. Asimame akiutazama ukuta, kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, akunje goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Mguu wa kulia ukishindwa pale wa kushoto unapoweza, kifundo kimekaza, na kila akichuchumaa goti linabeba mzigo wa kifundo.

Kazi ya mikono yenyewe ni ya upole. Kwanza pia ya goti (kile kifupa cha mviringo mbele ya goti): kanga inakunjwa na kuwekwa chini ya goti ili lipinde kidogo, msuli wa paja ulegee, kisha pia inasukumwa kwa vidole gumba kwenda ndani, nje na chini, nusu dakika kila upande. Pili kuvuta: mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, mtaalamu anashika juu ya kifundo na kuvuta kwenda chini sekunde 10 hadi 15, anaachia, anarudia mara 5. Tatu, pale goti linapogoma kukunjika, mgonjwa anasukuma mkono wa mtaalamu kwa nguvu ndogo sana, kama moja ya tano ya uwezo wake, sekunde 5. Akilegeza, goti linaongezwa hatua ndogo. Mara 3 hadi 5 zinatosha. Kinachopatikana ni nafuu ya maumivu na nyuzi chache za kukunja. Gegedu lililosagika halirudi, na anayekuahidi kwamba litarudi kwa kukandwa mkimbie.

Rondo_Juu
Naongeza kuhusu bamia. Ule mlenda unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, hausafiri kwenda gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe, na goti zima lenye afya lina mililita chache tu. Goti linalojaa jioni lina ute mwingi kupita kawaida, tena mwepesi. Kwa hiyo "limekauka" siyo. Bamia ale, ni mboga nzuri, ila asiifanye dawa.

Mkienda kupiga picha, omba eksirei ya magoti yote mawili AKIWA AMESIMAMA. Akilazwa, nafasi kati ya mifupa inaonekana kubwa kuliko ilivyo, mnarudishwa na jibu kwamba hakuna tatizo.

Binti Mikindani
Mimi nataka nitaje yanayoharibika, kwa sababu mikono nayo inaumiza.

Goti lenye joto, limevimba na mwili una homa halikandwi wala halivutwi. Linaweza kuwa na usaha, na usaha unakula gegedu kwa siku chache. Aende hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenye selimundu na goti lililovimba, vivyo hivyo. Shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, msilisugue: kama kuna damu iliyoganda, kipande kinaweza kukatika kikaenda kwenye mapafu. Goti lililokwama, halinyooki wala halikunjiki, huenda kipande cha menisko (gegedu lililo kama mto kati ya mifupa ya goti) kimejikunja ndani, na kulinyoosha kwa nguvu ni kukichana zaidi. Aliyeanguka na hawezi kukanyaga hatua 4, au ana miaka 55 na zaidi, picha kwanza.

Kuna sehemu moja wakandaji wengi hawaijui. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna nundu, ndicho kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu. Chini kidogo ya nundu hiyo mshipa wa fahamu unapita juujuu kabisa, chini ya ngozi. Ukikandamizwa hapo kwa kiwiko au ukifungwa bandeji kali, unyayo unaning'inia, vidole haviinuki na mtu anajikwaa kila hatua. Paja kandeni, hapo msiguse.

Dawa pia. Sindano za diklofenaki za kila siku dukani zinaleta vidonda vya tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Aanze na ile ya kupaka, mara 3 au 4 kwa siku. Akiwa na presha, vidonge asimeze bila daktari kujua.

Kitangari88
Ahsanteni sana. Mtaalamu wa ostiopathia tumtafute wapi sasa? Na huko shambani afanye kazi vipi?

Mnyoosha_Viungo
Msitafute jina, tafuteni kazi. Hizo mbinu za kusogeza pia ya goti, kuvuta na kulegeza goti linalogoma kukunjika zimo hata kwenye fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi). Ulizieni idara hiyo hospitali za rufaa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Anayejiita mtaalamu wa ostiopathia mwombeni cheti na usajili, na mumuulize atampa mazoezi gani. Asiye na mazoezi, hela yenu mbaki nayo. Hata mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema tiba ya mikono kwa goti lililosagika ifikiriwe tu ikienda pamoja na mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Akae mguu umenyooka, kanga iliyokunjwa chini ya goti, aikandamize kwa goti sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Alale chali, goti zima alikunje, mguu mbovu aunyooshe na kuuinua kama sentimita 30, ashikilie sekunde 5, mara 10, mizunguko 3. La tatu ndilo muhimu kuliko yote: kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara 10. Kiti kikiwa kifupi aweke mto, na uondolewe anapopata nguvu. Haya mawili ya mwisho yafanyike siku 3 kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakibaki mpaka kesho yake asubuhi, apunguze idadi, asiache. Nguvu ya paja inaonekana baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo aanze sasa kabla mikorosho haijaanza kudondosha.

Uzito nao: kila kilo 1 inayopungua inalipunguzia goti karibu kilo 4 kwa kila hatua. Akifika 79, hizo ni kama kilo 20 pungufu.

Binti Mikindani
Shambani asiokote kwa kuchuchumaa. Akalie kigoda kirefu na kuhama nacho, au akusanye korosho kwa reki ndogo akiwa amesimama, kisha achambue akiwa amekaa. Magunia na ndoo ya lita 20 wabebe vijana, maana maji peke yake ni kilo 20 juu ya zile 84. Chooni mmtengenezee kiti chenye tundu, au mmfungie nguzo ya kushikilia. Swala asali kwenye kiti, dini imeruhusu.

Fimbo aishike mkono wa KUSHOTO, kwa kuwa goti bovu ni la kulia, na fimbo isonge mbele pamoja na mguu huo mbovu. Wengi wanaishika upande unaouma, uzito unabaki palepale. Kipimo chake: asimame wima amevaa ndala zake, mkono uning'inie, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini mpigilie kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze mteremkoni.