Kifundo kimevimba kama fenesi: ameteguka au amevunjika?

Siti_Tororo: Habari za usiku wanajamvi. Mdogo wangu ni mwendesha boda. Jioni mvua imenyesha, pikipiki ikamteleza kwenye matope, akakanyaga vibaya na mguu wa kulia ukapinda kwa ndani. Kifundo kimevimba, kidonda hakuna. Mama ameshachemsha maji ya chumvi, na jirani amekwenda kumwita mzee wa kuunga mifupa aje auvute. Mwenyewe anasema ameteguka tu, kesho lazima awe steji kwa sababu pikipiki ni ya mkopo. Nifanyeje?

Dereva_Malaba: Pole dada. Maji moto na chumvi, kisha mkande kwa nguvu. Mimi nimeteguka mara tatu, hospitali sijaiona.

Nesi_Mstaafu: Dereva, hapo umempoteza. Siku mbili tatu za mwanzo, joto na kukanda huzidisha damu inayovujia ndani, na uvimbe unapanda. Hayo maji mama aogee. Siti, mvue kiatu sasa hivi kabla hakijakwama. Tafuta barafu kwa muuza soda, itie kwenye kavera (mfuko wa plastiki), uizungushie kitambaa maana ikigusa ngozi inaunguza. Dakika 15 hadi 20, urudie baada ya saa mbili. Alale, mguu juu ya mito upite usawa wa moyo. Na mzee asiuvute! Kama mfupa umekatika, ncha yake inaweza kuchana mshipa.

Sasa nijibu. Bonyeza taratibu zile nundu mbili za kifundo, ukingo wa nyuma, kuanzia nchani kupanda kama sentimita 6. Anaumia mfupani? Na alipoanguka aliweza hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ni kipimo cha madaktari wa Ottawa, Kanada, cha tangu 1992, na mimi nimekitumia sana. Akiruka ukimgusa, usimsimamishe.

Siti_Tororo: Nundu ya nje, amepiga yowe mpaka mbwa wakabweka. Hatua hazikufika mbili. Vidole vina joto, anavichezesha.

Nesi_Mstaafu: Basi mhesabu amevunjika mpaka eksirei ikatae. Kata boksi gumu, lipite chini ya unyayo na kupanda pande zote mbili hadi karibu na goti. Ndani tandika leso. Funga kwa vitambaa, hata magamba makavu ya mgomba yanafaa, juu na chini ya uvimbe, si juu yake. Mguu ubaki ulivyo, usiunyooshe. Kila nusu saa bonyeza ukucha wa kidole gumba: ukiachia, wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Vidole vikipoa, vikipauka au vikifa ganzi, legeza na mwondoke usiku huohuo. La sivyo asubuhi, kwa gari, si kwa boda mguu ukining'inia. Pigeni simu kwanza kuuliza kama mashine ya eksirei ipo, msije mkapoteza nauli.

Kijana_Busia: Hapo kwenye vidole usipuuze. Binamu yangu alifungwa vijiti mkononi, akalia siku mbili, akaambiwa avumilie kiume. Alikatwa vidole viwili. Babu yangu naye alikuwa akiunga mifupa, simtukani, lakini macho yake hayakupenya nyama.

Siti_Tororo: (kesho yake, mchana) Nesi, Mungu akuzidishie. Ule mfupa mwembamba wa nje umepasuka, ila haujahama. Amewekwa plasta ya upande mmoja, uvimbe ukishuka atawekewa kamili, jumla kama wiki sita. Daktari aliuliza boksi limefungwa na nani, mama akajibu haraka, "Mimi." Sasa mdogo wangu anataka kumwachia rafiki yake pikipiki wagawane mapato ili mkopo usilale. Nani amewahi?

Dereva_Malaba: Hilo nalijua, dada, usinikimbie tena. Waandikiane mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na matengenezo yatajwe nani analipa. Mimi sikuandika, nikarudishiwa fremu.