Naomba ushauri: bima ya kamera kwa safari ya nje

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Kampala, na mwezi ujao nitaondoka Entebbe kwenda Ujerumani kikazi nikiwa na kamera mbili, lenzi ya milimita 70-200 na kompyuta mpakato.

Bima ya safari niliyooneshwa na wakala inafidia mizigo, lakini kikomo chake kwa kila kifaa hakifikii hata bei ya lenzi hiyo, na masharti yake yanaondoa vifaa vya biashara pamoja na kitu chochote kilichoachwa bila mwangalizi. Sharti hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi: begi likiibwa miguuni pangu nikiwa nakula mkahawani, litahesabiwa kuwa limeachwa?

Shirika la ndege nalo si la kutegemewa, kwani Mkataba wa Montreal wa 1999 unaweka ukomo wa fidia ya mizigo, ambao tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, na kwa begi la mkononi shirika huwajibika tu pale kosa linapokuwa lake.

Je, nichukue bima ya hatari zote hapa Uganda na kuomba ipanuliwe hadi nje ya nchi? Aliyewahi kudai anieleze kama alilipwa bei ya kifaa kipya au iliyopunguzwa kwa uchakavu, na kama namba za usajili na picha zinatosha, maana lenzi niliinunua kwa mtu bila risiti.